Salamu za Alois Ambazo Mama Hakuziona

Kawajense,
Mpanda, Katavi.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Alois,

Nakusalimu kwa niaba ya ukoo mzima, maana ukoo mzima umeketi hapa sebuleni kwangu ninapoandika. Mguu unaendeleaje? Tumesikia kwamba umeanza kutembea kwa magongo, tukamshukuru Mungu. Shemeji Agape hajambo? Huku kwetu baridi imeingia, mpunga wa Kibaoni umekwisha kuvunwa, na wote tu wazima wa mwili.

Barua hii nitaisoma kwa sauti mbele ya kikao kabla ya kuifunga. Ndivyo wazee walivyoamua, na ni haki: jina lako lilichafuliwa hadharani, basi na lisafishwe hadharani. Ningeweza kukupigia simu. Lakini simu mtu huikata pale panapomshinda, nami nimekwisha kukudanganya kwa simu mara moja.

Nianze na sinema zangu, maana humo ndimo ilimozaliwa aibu hii. Tangu nilipostaafu ualimu nimekuwa nikikusanya filamu zangu zote, za kwenye kanda na za kwenye sidii, pamoja na video za harusi na ubatizo wa watoto wetu, na kuziingiza kwenye kompyuta kuukuu iliyoko stoo. Kompyuta hiyo haizimwi. Imeunganishwa na mtandao wa humu ndani, hivyo televisheni ya sebuleni, ile ndogo ya chumbani kwa Mama, na hata simu ya mke wangu Specioza, zote huchota filamu humo bila mtu kubeba sidii. Kila filamu niliipa jina, mwaka na picha ya jalada. Wageni walisifu sana. Nami nilipenda kusifiwa.

Emelyne, binti wa jirani yetu anayesoma huko Masasi, aliponiletea flashi yako, Mama alikuwa bado anaweza kuketi kitandani. Ulikuwa umejirekodi hospitalini kwa simu ya kuazima, yako ikiwa imevunjikia kwenye ajali ya pikipiki, ukaagiza kwamba Mama aonyeshwe kwenye televisheni kwa kuwa macho yake hayawezi kioo cha simu. Niliinakili video hiyo kwenye kompyuta na kuiweka kwenye folda niliyoiita "Bado Kupangwa". Nilitaka iwe ya kwanza kati ya video za familia, yenye jalada la sura yako, ili Mama aifungue mwenyewe kwa kitufe kimoja na kushtuka kwa furaha. Lakini televisheni yake ilikuwa ikigoma kucheza baadhi ya video kutoka stoo, nami nikaona vema nizibadilishe zote kwanza ziwe za aina inayokubaliwa na televisheni hiyo, nipange kila kitu, ndipo nimwite. Mimi nilikuwa natengeneza mpangilio. Mama alikuwa anasubiri mtoto.

Siku moja aliniuliza, "Wewe Josephat, Alois hajatuma hata neno?"

Nikamjibu, "Atatuma, Mama. Kuna jambo zuri nakuandalia."

"Hayo mazuri yako yatanikuta?" akasema, akacheka. Nami nikacheka, nikarudi stoo.

Hayakumkuta. Ilikuwa Jumapili, tunajiandaa kwenda kanisani, Specioza alipoingia chumbani na kumkuta amekwisha kupumzika.

Ulipopiga kwa simu ya muuguzi, hukuuliza habari za jeneza wala za mazishi. Uliuliza neno moja tu: "Aliiona?" Nami nikasema aliiona, akafurahi sana, akakubariki. Alois, si kweli. Mama hakuiona. Hakujua kwamba ulimtumia chochote. Najua kwamba kwa maneno haya nakunyang'anya faraja uliyokuwa umeishikilia, na sina ya kukupa badala yake.

Nilipokudanganya wewe, ikanibidi kuwanyamazia na wengine. Makaburini Baba Mdogo Lyamba alisimama kwa uchungu akasema, "Mguu uliovunjika haukuvunja mdomo. Mtoto aliyeshindwa kumpa mama yake hata salamu, asitajwe kati ya watoto." Mimi ndiye niliyekuwa nasoma wasifu wa marehemu. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu na jina lako lilikuwa kwenye karatasi. Nikaliruka. Watu walisema nimesoma vizuri.

Siku ya kuanua tanga akaja mtani wetu Ndaki, mwenye ng'ombe kule Kasansa. Unajua haki ya mtani msibani: afanye atakalo, wala asikasirikiwe. Alijifunga kitenge cha Mama, akatembea kwa kujikongoja kama yeye, akaidai rimoti ya televisheni ya sebuleni. "Marehemu anataka sinema!" akatangaza. "Huyu mwalimu alimficha sinema zote, akamwachia taarifa ya habari tu!" Watu walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Akaanza kupekua, akafika kwenye ile folda. "Bado kupangwa? Mwalimu, una wageni humu hujawapa viti!" Akabonyeza.

Ukatokea wewe, mguu umening'inizwa kwenye chuma, umejaza kioo chote. Ukasema, "Shikamoo Mama. Ni mimi kitindamimba wako."

Ndaki, kwa mazoea ya mchezo wake, akaitikia kwa sauti ileile ya Mama: "Marahaba, mwanangu."

Ukaendelea kueleza habari za pikipiki, ukamtania kwamba sasa umepata mguu mmoja mvivu kama marehemu Baba, kisha ukainamisha kichwa ukamwomba akubariki, "hata kama sikusikii." Hapo Ndaki alikivua kile kitenge, akakikunja taratibu, akaketi chini. "Hili si la kutania," akasema. Katika maisha yangu sijawahi kuona mtani akiacha utani wake katikati.

Baba Mdogo Lyamba akaniuliza video ile ilifika lini. Nikasema kweli: ilifika Mama akiwa hai. Nikaanza kueleza habari za kompyuta na za kubadilisha video. Mama Mdogo Theopista akanikatiza.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Kwani hiyo tivii yake haina tundu la flashi?"

Inalo. Liko ubavuni, karibu na kitufe cha kuwashia. Ningeichomeka flashi yako pale siku ileile Emelyne alipoileta, Mama angekuona kabla chai haijapoa. Nimefundisha watu wazima na watoto kwa miaka mingi, nami tundu lile nikaja kuonyeshwa na dada wa mama yangu.

Sasa uamuzi wa kikao. Kaburi la Mama halijajengewa, na halitajengewa hadi mguu wako ukuruhusu kusafiri. Wewe ndiwe utakayeweka msalaba, na wewe ndiwe utakayesema siku hiyo. Mimi sitasema kitu, hata sala. Nimeikubali adhabu hiyo, wala si nzito kuliko kosa.

Sikuombi unisamehe, mdogo wangu, maana ningekuwa nakuharakisha wewe, mimi niliyechelewa kukupa ukweli. Naomba jambo moja tu: usikatae kuja kwa sababu yangu. Ukitaka nisiwepo, nitumie neno kwa Specioza, nami siku hiyo nitakuwa mbali na makaburi.

Nimeisoma barua hadi hapo mbele ya kikao. Baba Mdogo Lyamba ameniambia niongeze neno lake, nami naliandika kama alivyolitamka: "Mwambie mimi ndiye niliyesema asitajwe. Basi siku akija, nitamfuata stendi mwenyewe, nimwite kwa jina mbele ya watu."

Specioza anakusalimu. Mama Mdogo Theopista anakusalimu na kusema ule vizuri, mfupa hauungwi kwa chai tupu. Ndaki anasema utani amekuwekea, ila baada ya msalaba. Msalimie sana shemeji Agape.

Mungu aunyooshe mguu wako na njia yako ya kuja nyumbani.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukuonea haya,
Josephat