Bwana yangu ku mashini ya kushona

Butembo, siku ya tatu ya juma, mangaribi

Mais huyu Kambale! Tangu patron yake alisimamisha ma-camion yake ya mizigo juu ya vita, kazi yake ya chauffeur iliisha. Leo huyu bwana yangu alikuya ku atelier ya parokia, kwenye ninafundisha kushona, akaikala ku mashini moja, katikati ya babinti banafunzi.

Balimucheka. Mumoja alimuuliza: «Papa, hauone haya?»

«Haya ni kuona batoto banalala njala,» alijibu polepole, bila kasirani.

Uzi ulimukatikia mara na mara. Nilitaka kumusaidia, akakatala. Nilikasirika kidogo, donc nikamuacha. Saa ya kufunga, alikuwa amemaliza kaputula moja ya masomo.

Mama mumoja wa soko, mwenye alikuya kuchukua ile kaputula ya mutoto wake, alivuta mushono kwa nguvu. Haukufunguka. «Masika, umeshona muzuri.»

«Hapana mimi, mama. Ni yeye.»

Yule mama alimuangalia Kambale wakati murefu, kisha akamupatia kitambaa cha mutoto wake mwingine.

Sijue barabara itafunguka lini, na hiyo inaniogopesha. Lakini wakati wa kuagana, mbele ya babinti bote, Kambale alisimama: «Mwalimu, kesho utanifundisha kutia mufuko ku kaputula.»

Mwalimu. Na hakukuwa anacheka.