Nimemnyamazisha Bibi kwa Ajili ya Mahojiano

Mpendwa Bi Jawaher,

Nakuomba unisaidie kabla sijaharibu kitu nisichoweza kukitengeneza. Mimi ni kijana wa Maskati, karani wa mkataba katika ofisi ya mizigo hapa Matrah, na tangu nimalize chuo natamani kazi ya serikali kiasi kwamba basi likipita mbele ya wizara nageuza shingo mpaka jengo lipotee. Mwaka jana niliomba nafasi ya karani wa kuhudumia wananchi, vyeti vyangu vikapita kwenye mchujo, mtihani wa kompyuta nikaufaulu vizuri, nikaitwa mahojiano mbele ya kamati, na huko ndiko nilikoanguka, maana katikati ya Kiarabu changu fasaha liliniponyoka neno "sawa", mmoja wao akatabasamu, nikajua yamekwisha. Waliniuliza pia ningemfanyia nini raia ambaye faili lake halionekani, nikawasomea kifungu cha kanuni kama kilivyo, lakini hilo halikuwa tatizo, tatizo ni ulimi.

Mwaka huu nimeomba tena, nimevuka mchujo na mtihani, yamebaki mahojiano, na ili ulimi uzoee nikaamua kwamba nyumbani Kiswahili kisiingie masikioni mwangu wala kisitoke kinywani. Wazazi wangu walikubali. Lakini bibi yangu, Bibi Mahbuba, aliyenilea, alizaliwa Unguja akaja huku mtu mzima, na Kiarabu chake ni cha sokoni na cha sala. Nilimwomba kwa adabu asiseme nami kwa Kiswahili mpaka yapite. Hakugomba, amenyamaza tu, ananiwekea chai na kuondoka.

Tangu nikiwa mdogo huniita mume wangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu, na juzi jirani yetu Bi Radhia alipomwuliza mbona nyumba imepoa, nilimsikia akijibu, "Mume wangu kanipa talaka. Anataka mke wa ofisini, na mie nna Kiarabu cha kununulia samaki." Bi Radhia alicheka sana. Bibi hakucheka.

Siku hizi baada ya Magharibi akimpigia simu dada yake aliyeko Unguja, nasimama nje ya mlango na kitabu mkononi, sisomi, nasikiliza tu anavyoyavuta maneno, khabari za watu nisiowajua, nani kaoza binti, nani kahama, na nayatamani mazungumzo yale kama mtu aliyefunga anavyosikia harufu ya sambusa zikikaangwa. Naitaka kazi hii, Bi Jawaher, na nataka bibi yangu aseme nami. Nivumilie mpaka mahojiano yapite, au niache?

Mwenye khofu,
Karani wa Matrah

*

Mwanangu,

Pole. Kuitamani kazi si kosa, na kuiogopa kamati ni jambo la kila mwenye akili. Lakini kwa bibi yako umekosea, tena vibaya. Unasema ulimwomba kwa adabu. Adabu gani hiyo, kumwambia aliyekulea kwamba maneno aliyokulea nayo yatakuharibia maisha?

Sasa nikwambie ulipoangukia. Kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi upande wa pili wa meza hiyo. Sikuwepo siku yako, lakini huyo aliyetabasamu kwa "sawa" huenda naye ana bibi kama wako nyumbani. Mji huu umejaa watu hao. Wewe umelia na neno moja, na swali la faili ukalipita mbiombio. Walikuwekea mbele mtu aliyehangaika, ukamsomea kifungu. Ningekuwepo, hapo ndipo ningekukata alama.

Basi fanya hivi. Funga vitabu uende chumbani kwake. Usimtume mama yako, wala usitangulize zawadi. Mwombe radhi kwa Kiswahili, na umwache akuseme mpaka achoke, kwa sababu atakusema. Kisha kila siku mfanye yeye ndiye raia aliyepotelewa na faili, au aliyerudishwa dirishani, au asiyejua aanzie wapi. Mweleze kwa Kiswahili utakavyomsaidia. Akikwambia hajaelewa, wewe ndiye hujaeleza. Akishaelewa, kesho yake wakati wa chakula cha mchana waeleze wenzako kazini jambo hilohilo kwa Kiarabu. Ulimi utazoea huko, na nyumba yenu itakuwa na watu tena. Na mbele ya kamati likikuponyoka neno, omba radhi, uendelee.

Siwezi kukuahidi kwamba utaipata. Huenda ukaikosa na mwaka huu, ikakuuma, na nafasi zikatangazwa tena ukaanza upya kwenye mchujo. Hilo unaweza kulistahimili, wewe ni kijana. Mtu wa umri wa bibi yako usimwambie angoje mpaka yapite. Nenda leo, kabla hajalala.

Bi Jawaher