Kundi la Baba Mkwe

Hasani, Jumatano hii nimeharibu. Nimeharibu kweli!

Si unaijua tovuti ya ushirika wetu wa zabibu hapa Ihumwa? Viongozi wakanitupia mimi wa darasa la saba kazi ya kupanga makundi ya watumiaji wa tovuti, bila kunielekeza. Wasomaji wanaangalia tu, wasimamizi wanaweza kufuta.

Mimi nimo kwenye kundi la wasimamizi. Baba mkwe ningemwekaje chini yangu, baba wa marehemu mke wangu Edina? Nikampandisha.

Leo kabonyeza pasipofaa, majina ya wanunuzi yote yamefutika. Na zabibu zimeiva!

Mwenyekiti kamfokea mbele ya wanachama: "Mzee, nani alikupa ruhusa?"

Mimi kimya. Kimya, Hasani!

Tumetoka, mzee kanishika mkono: "Mwanangu, kwani mimi nilipewa ruhusa gani?"