Kidroo cha Teksi ya Mama

4 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kwamba nimekaa kwenye usukani miaka kumi na tisa. Barua zako nilizipata. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana, na safari hii nina shida.

AC ya teksi inapuliza hewa ya moto. Fundi wa hapa kona kaongeza gesi mara mbili, na mara mbili kanihakikishia kwamba sasa itakuwa barafu. Barafu gani! Yule mwalimu mstaafu ninayempeleka kliniki ya figo anatoka kule hoi, halafu nami namwoka tena njiani. Binti yake kaniambia kwa heshima zote kwamba isipopona kufikia mwisho wa mwezi watatafuta gari jingine. Nimempeleka miaka mitatu, simwachii mtu.

Wewe si ndiye uliyekwenda kusomea magari? Haya, nisaidie.

Mama yako

9 Oktoba

Shikamoo Mama,

Pole na mgongo. Mimi sijambo, mikono tu ndiyo imejaa grisi. Siku naondoka ulisema kazi ya gereji itakuaibisha mbele za watu. Nimekuandikia barua sita, nikakutumia na nakala ya matokeo yangu, hukujibu hata moja. Nilishazoea. Leo umeniuliza swali la kazi, na naogopa kulikosea kuliko mtihani wowote.

Usikubali waongeze gesi tena. Washa gari, washa AC, subiri dakika tano, kisha fungua boneti. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na viti kuna mabomba mawili yanayoingia ndani yakiwa pamoja. Shika lile nene, mkono ukae mbali na feni na mikanda. Likiwa la baridi na linatoa jasho, gesi ipo na kosa liko ndani ya dashibodi. Likiwa vuguvugu, nitakwambia la kufanya. Na je, tatizo lilianza lini?

Binti yako

13 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo umetulia, asante kwa kuuliza. Bomba nimelishika. Baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, na maji yanadondoka. Nikamwita fundi wa kona naye ashike. Kashika, kajifuta maji kwenye suruali, karudi kwenye kazi zake.

Ilianza msimu wa baridi ulipoisha. Asubuhi nilikuwa nafungulia hewa ya moto kufuta ukungu kwenye kioo, na tangu hapo kile kitufe cha kuzungusha hakirudi kwenye baridi. Kinafika katikati, kinagoma. Sikusema mapema kwa sababu hakuna fundi aliyeniuliza.

Mama yako

17 Oktoba

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima. Mimi nimeruka kwa furaha darasani niliposoma barua yako, mkufunzi kanitoa nje.

Ndani ya dashibodi kuna kimlango. Ukizungusha kitufe, kinafungua upande wa baridi na kufunga wa moto. Chako kimekwama upande wa moto, kwa hiyo baridi inatengenezwa kisha inapashwa tena. Mkono wa plastiki unaokivuta kimlango hicho uko nyuma ya kile kidroo cha mbele ya abiria. Toa vitu vyote, bana kuta zake mbili, kishushe, halafu mulika kwa tochi.

Nakumbuka hata kabla sijaondoka ulikuwa umekifunga kwa mpira kwa kujaa. Una nini humo? Ukiona kazi, mwachie fundi wa kona.

Binti yako

28 Oktoba

Fundi wangu,

U hali gani? Nisamehe kwa siku hizi zote za kimya. Kidroo nilikifungua siku ileile barua yako ilipofika. Siku zilizobaki nilikuwa natafuta namna ya kuandika hii.

Fundi wa kona sikutaka akiguse. Humo mna barua zako zote sita, na picha uliyonitumia ukiwa na ovaroli. Kila abiria anayekaa mbele namfungulia aone. Nilishindilia hadi karatasi zikapenya nyuma, na yale matokeo yako ndiyo yaliyobana ule mkono. Niliyachomoa taratibu, kitufe kikazunguka mpaka mwisho.

Nilisema utaniaibisha. Nilikosea, mwanangu, na nikaona haya kukwambia, nikawa nawaambia abiria. Najivunia wewe mpaka gari limeharibika.

Mwalimu bado ni abiria wangu. Jana kaomba nipunguze baridi, meno yanagongana. Nikamwomba avumilie kidogo, maana hiyo ni kazi ya binti yangu. Akasema, "Najua, dereva. Anasomea magari, na kati ya wanafunzi thelathini na wawili yeye ndiye msichana pekee."

Yale matokeo yamechanika katikati. Nitumie nakala nyingine, na safari hii nitajibu.

Mama wa fundi