Barua ya Kopo la Babu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Wiki ya tatu ya kuskani mafaili ya mizani na vipimo hapa kwenye hifadhi ya nyaraka. Barua za serikali ya mkoloni, karatasi zinakatika kama chapati kavu. Bwana huyu anamwandikia bwana yule: mizani zipigwe mhuri, makopo ya sokoni yapimwe. Ukurasa baada ya ukurasa! Vumbi limenimaliza kifua.

Baba amepiga simu tena. Umefika mafaili ya mwaka wa hamsini na moja? Bado, Baba. Ana miaka themanini na mbili, macho yamekwisha, lakini swali hilo halimchoshi. Babu Nzivo aliuza mahindi katika soko la Kariokor. Akafungwa — eti kopo lake la kupimia lina kitako cha uongo. Akafia ndani. Baba alikuwa na miaka minane. Anataka karatasi inayosema babake hakuwa mwizi. Basi.

Jumatano, 4 Juni

Nimempeleka Baba kwa Wacuka, hapa chini ya ploti yetu Kayole, kununua mahindi. Kama kawaida yake akaingiza mkono ndani ya gorogoro, kopo la kupimia, akapapasa kitako. Wacuka akacheka: "Ai, mzee! Hiyo haijagongwa kitako, siwezi kukuibia!" Wote tukacheka, ila Baba. Baba hajawahi kucheka mzaha huo.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeipata! Na kwa kiherehere changu nikampigia Baba kabla sijasoma mpaka mwisho.

Katikati ya barua za Kiingereza, moja ya Kiswahili. Imepigwa taipu na karani fulani, chini kuna alama ya dole gumba la Babu. Nimeinakili kwa kalamu kwenye karatasi ya kupeleka nyumbani:

"Bwana Mkubwa, mimi si mwizi. Kopo lilitoboka. Mwanangu Mativo alipachika kitako cha kopo jingine juu ya matundu, akagonga, akitaka kunisaidia. Sikujua mpaka mkaguzi alipoligeuza. Mbele ya hakimu nilinyamaza, maana yeye ni mtoto. Naomba asiambiwe kamwe."

Mativo ni Baba.

Pembeni, kalamu nyekundu: hakuna la kufanya, weka failini. Weka failini!

Nimelia chooni mpaka Maingi, mwenzangu wa skana, akabisha kuuliza kama nimefiwa. Nikamjibu ndiyo. Nimsomee nini mzee wangu? Miaka yote hii anangoja karatasi hii, na karatasi yenyewe inamtaja yeye.

Jumapili, 8 Juni

Baba amekataa kuvua suti ya kanisani. Akaketi kwenye kochi, mikono magotini. "Soma, mama."

Nikasoma. Mimi si mwizi. Machozi yakamtiririka, akaniambia nirudie. Nikarudia. Kopo lilitoboka. Hapo nikaruka. Nikaenda moja kwa moja kwenye dole gumba, nikasema umeona, Baba, hakuwa mwizi.

Akaomba karatasi. Akapapasa alama za kalamu yangu polepole, juu mpaka chini, vilevile anavyopapasa gorogoro la Wacuka.

"Ni ndefu," akasema. "Wewe umesoma fupi."

Nimekimbilia jikoni nikisingizia chai. Naandika nimesimama, daftari juu ya friji. Chai imechemka, imemwagika, nimezima gesi. Sijui nimbebee kikombe au —

Ananiita.

"Kavinya. Wacha chai. Niambie tu kitu kimoja — alijua ni mimi?"