Neno Moja Nyuma: Kumbukumbu ya Elia Senkondo

Mwaka umetimia, baba, tangu ulipotutoka, na mama bado hajauzoea ukimya wa nyumba. Watu wanamwambia apumzike. Anasema kupumzika nako kunachosha.

Mchana kutwa ulikuwa kwenye simu ya upepo bandarini, ukipokea na kutuma habari za meli. Ukirudi mtaani kwetu Ufukoni unakunywa chai, kisha unakaa tena mbele ya mtambo wako mwenyewe, ule wenye leseni, kuzungumza kwa ti-ti-ta za Morse na watu usiowajua hata sura. Mama alinung'unika kwamba walio nchi za mbali unawasikia, sisi tulio chumba kimoja nawe hutusikii. Kumbe ulikuwa unasikia. Ulitueleza kwamba anayenakili Morse vizuri haandiki anachokisikia sasa. Mkono unaandika neno lililopita huku sikio likipokea linalofuata. Ndivyo ulivyoishi pia. Mama akikuuliza ugali au wali, mpaka ameshasahau kama aliuliza, ndipo unasema, "Wali." Tulikucheka sana.

Majirani hawakucheka. Mtambo wako ukianza kugonga, redio za mtaani nazo zinagonga. Mzee Inasio, jirani yetu aliyehamia kutoka ng'ambo ya Ruvuma, alikuja na betri za redio yake mkononi. "Bwana Elia, waya wako unakunywa mawe yangu! Jana tu nimeyaanika juani." Hukubishana naye. Ukampa betri zako mpya, ukamfungia kichujio cha waya cha kuzuia kelele nyuma ya redio, ukahamisha na mlingoti wa antena yako. Kelele ilipungua, haikuisha.

Kisha kaka yake Bi Ilda, mke wa Mzee Inasio, akafariki Nachingwea. Tangazo la kifo lilisomwa redioni, jina la marehemu likafunikwa na ti-ti-ta zako. Bi Ilda alipata habari mazishi yamekwisha. Hakutukana mtu. Aliacha tu kumsalimu mama, na hilo lilimchosha mama kuliko kelele zote: kusimama bombani na ndoo, kando ya mtu aliyekuwa kama dada yake, bila neno.

Hukujitetea. Tangu hapo, saa ya matangazo ya vifo ulizima mtambo, ukashika penseli, ukanakili yote yanayosomwa redioni: jina, kijiji, wafiwa. Halafu ukaenda kwenye ua wa makuti uliotutenganisha nao, kumsomea Bi Ilda. Alikupa mgongo. Ukasoma hivyo hivyo, na kesho yake tena, na kesho yake. Mama alikuonea haya, akakuomba uache. Mpaka siku moja Bi Ilda, mgongo bado ameugeuza, akauliza, "Na wa Nachingwea hakuna?"

Uliipitia karatasi yako tena hadi chini, ukachelewa kama kawaida yako. "Leo hakuna, dada."

Mama alisikia yuko jikoni. Akakaa chini, akalia kwa uchovu tu.

Siku liliposomwa tangazo lako, mama hakuweza kukaa karibu na redio. Bi Ilda alizunguka ua akaja upande wetu, karatasi hana, akamtamkia lote: jina lako, Usangi ulikozaliwa, sisi wafiwa, hakuruka hata mmoja. Kisha machozi yakamshinda. "Mama Danieli, hata matangazo yalipokwisha, redio ilibaki safi. Safi kabisa. Ndipo nikaamini."

Siku hizi wanachota maji pamoja. Jioni mama anamimina chai, anauliza kama unataka sukari zaidi, halafu anasubiri na kijiko mkononi. Sisi hatumsemeshi. Anakupa muda wako.

Unakumbukwa na mkeo Veronika, watoto wako Danieli na Theresia, dada yako Martha aliye Usangi, na majirani zako Mzee Inasio na Bi Ilda, walioomba wenyewe majina yao yawekwe hapa.

Daima umo mioyoni mwetu, baba. Mama ameshauliza. Jibu utakapoweza.