Saumu Amemnyima Chefe Senha

Saumu wangu kapata kazi ya kudumu, mdogo wangu! Salamu baadaye, kwanza piga vigelegele huko kwenu Diaca nzima isikie.

Jana chefe, mkubwa wake wa kazi pale hospitali anakotunza kompyuta, alikuja kula kwetu. Mvua nyepesi kama moshi, bahari haionekani, nyumba inanukia pweza wa nazi, nami kama naota. Chefe, mkono kwenye sinia, akasema, "Saumu, nitajie senha, lile neno la siri la kufungulia mafaili ya wagonjwa."

"Sikutajii, chefe."

Nikamfinya Saumu paja. Unajua kwetu mgeni aliye kwenye sinia hanyimwi anachoomba! Nikaona kazi imekwenda. "Mtajie, mwanangu, utatutia aibu."

Hakutaja. Akaeleza kwa upole kwamba programu zao hukaa kwenye makontena, siyo haya ya bandarini, vijisanduku tu ndani ya kompyuta. Senha haiandikwi humo. Imefungiwa kwenye hazina yake, kama kasha lenye kufuli humo humo kwenye kompyuta, na kila kontena hupewa ile inayolihusu tu. "Hata mimi siioni."

Chefe akamaliza pweza, akanawa. "Asiyempa hata chefe hatampa mwizi. Basi hazina utaitunza wewe. Kesho njoo usaini mkataba." Na leo kasaini!

Sasa nimejilaza mkekani, naviona vile vijisanduku vinaelea kwenye ukungu, kila kimoja na siri yake, na mlinzi wa vyote nimemzaa mimi. Nani mwingine kazaa hivi?

Wabusu watoto, nawapenda mno. Pweza mwingine nitampika mkifika, na mje nyote, asibaki mtu, Jumapili.